Mama Alipodai Mtamba

Kwa hasira sijambo, na kwa kujisifu ndiyo usiseme. Miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa, nilikuwa mkalimani wa usharika wetu, nje kidogo ya Bariadi. Mchungaji alikuwa mgeni kutoka upande wa Bukoba, Kisukuma hajui hata salamu. Alihubiri kwa Kiswahili, mimi nikasimama pembeni yake nikiwageuzia wazee maneno. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Wanunuzi binafsi walikuwa wanatufuata mpaka shambani na mizani yao, wanalipa papo hapo. Sisi tuliozoea kusubiri malipo ya chama cha ushirika hadi tunasahau tulipeleka pamba lini, tulichanganyikiwa. Baiskeli mpya zikaegeshwa nje ya kanisa mpaka pa kupita hakuna. Mimi nilinunua redio ya kaseti, kubwa, ya kubeba begani. Ila kwenye kikapu cha sadaka noti ziliingia zimekunjwa ndogo hadi mtu asijue ni ya ngapi. Mojawapo ilikuwa yangu.

Ndipo mchungaji akatangaza wiki ya uwakili. Jamani, neno hilo lilizua balaa. Kwetu wakili ni yule wa mahakamani, mwenye koti jeusi. Mzee mmoja alinivuta shati akaniuliza, "Kanisa limeshitakiwa na nani?" Nikaona hapa nisipotumia akili, wiki nzima itapotea. Mchungaji aliposema, "Sisi si wenye mali, sisi ni mawakili tu," nikageuza hivi: "Sisi ni watu tuliowekeshwa ng'ombe."

Kanisa zima likaguna kwa kukubali. Kwetu mwenye mifugo mingi haweki wote kwenye zizi moja. Anawagawa, hawa kwa rafiki yake kule Bukundi, wale kwa shemeji kule Kiloleli, ili ugonjwa ukiingia usimmalize. Aliyewekeshwa anakamua maziwa, samadi anapeleka shambani, lakini ng'ombe si wake. Siku mwenyewe akija kuchukua, hakuna ubishi. Mchungaji aliponiuliza kwa nini watu wamefurahi vile, nilimjibu, "Neno limewaingia." Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Mama yangu naye alikuwa amenisikia. Alikuwa mjane, amekaa kwangu miaka mingi, na mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye pembe moja iliyopinda. Maziwa ya watoto wangu yalitoka kwa huyo. Chumvi na sabuni yake mama zilitoka kwenye mtindi wa huyohuyo. Wiki ile nilimwona anamsugua mgongo na kumtoa kupe mmoja mmoja. Nikadhani ni mapenzi tu.

Jumapili ya kilele tuliamka, mama hayupo na zizi liko wazi. Nilipofika kanisani nikamkuta amesimama uani, kamba mkononi, ng'ombe anang'aa kama bibi harusi.

"Mayu, unafanya nini hapa na ng'ombe?"

"Si wewe uliyesema mwenye ng'ombe anamtaka?"

"Sikusema hivyo!"

"Ulisema sisi ni watu wa kuwekeshwa. Mwenyewe anakuja kuchukua ng'ombe wake. Ng'wana wane, mwanangu, mimi mwizi?"

Loo! Ulimi uliniponza. Nimwambie nini? Kwamba Mungu si mwenye ng'ombe? Nimwambie nilikuwa nasema maneno ya mimbarini, si ya zizini? Kwa mama yangu hakukuwa na tofauti. Nilikasirika, nikamkasirikia yeye, mchungaji, hata ng'ombe. Watoto wangu watakunywa nini? Naye mwenyewe, uzee ule, ataanza upya na nini?

Wakati wa matoleo ulipofika, waumini wote walitoka nje. Mchungaji alipomwona yule ng'ombe uso ulimng'aa. Kanisa lilikuwa halijapata bati upande mmoja. Akainua mikono, akashukuru kwa sala ndefu, kisha akanyoosha mkono kupokea kamba.

Mama hakuiachia.

"Mwambie," akaniambia kwa Kisukuma, "wangu yuko wapi?"

Nikajifanya sikusikia. Akanifinya mkono, mbele za watu, mimi mtu mzima mwenye watoto wanne. Nikageuza: "Anauliza wa kwake yuko wapi."

"Wa kwake nani? Mwambie Mungu atambariki."

Nikamwambia. Mama akasema, "Baraka ninazo. Nadai mtamba."

Watu wakaangua kicheko, akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akanitazama mimi, akawatazama wao, hajui anachekwa au anashangiliwa. Ikabidi nimweleze ule mwisho wa desturi nilioubana siku ile ya kujifanya bingwa: aliyetunza vizuri haachwi mikono mitupu. Mwenye ng'ombe akija kuchukua, humwachia mtunzaji mtamba mmoja, na huyo anakuwa wake kabisa, haulizwi tena. Mama alikuwa amekuja kurudisha ng'ombe wa watu na kupokea haki yake. Wala hakuwa anatania.

Wengine bado walikuwa wanacheka mama alipoanza tena, taratibu, akimtazama mchungaji lakini akisema nami.

"Mwambie mume wangu alichukuliwa, sikudai kitu. Mwenyewe kaja, kachukua. Watoto wangu wawili nao wakachukuliwa, wale waliokutangulia wewe. Niliwatunza vizuri, waliondoka wamenenepa. Sikudai. Huyu sasa ni wa nne. Mwambie hata matajiri wa Bukundi hawamfanyii mtu hivyo."

Habari za wale wawili nilikuwa sijawahi kuzisikia kinywani mwake. Kicheko chote kilikatika. Mchungaji akaniuliza polepole, "Anasemaje?" Nikamwambia vipande vipande, nikijifuta uso kwa mkono wa shati, na sikuona aibu.

Mchungaji akanyoosha mkono tena. Nilimpenda siku ile, sitaki kuficha. Aliishika kamba, na safari hii mama akaiachia. Akamzunguka ng'ombe, akampapasa tumbo, akamwangalia masikio na kwato, kama mwenye mali aliyetoka mbali. Halafu akarudi akaiweka kamba kwenye kiganja cha mama, akamfunga vidole juu yake.

"Mwambie, mwenyewe amekuja. Ameona ng'ombe wake ametunzwa vizuri sana. Huyu ndiye mtamba wake."

Nikageuza. Mama akaniuliza mara mbili kama nimegeuza sawasawa, maana alishaona ninavyobana maneno.

"Wangu? Hakuna atakayekuja tena?"

"Wako kabisa, mayu."

"Wabeja," akashukuru. Nikashusha pumzi. Nikawaza maziwa ya watoto, nikamshika bega nimgeuze twende nyumbani. Hakugeuka. Alinipita, akamsogelea mchungaji karibu kabisa, akazungumza kwa Kiswahili, kile alichokuwa anakitumia gulioni tu akiuza mtindi.

"Muchungaji. Mwanzo mimi narudisha tu. Kitu ya mutu huwezi kutoa sadaka. Sasa hii yangu."

Akaweka mkono kwenye ubavu wa ng'ombe, mahali ambapo mimba ya miezi saba ilikuwa inachezacheza.

"Ndama iko ndani hapa, hiyo mimi natoa."