Mama Soli, fundi anayevalisha viti viatu

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke wa makamo amelala kifudifudi kwenye baraza ya mbao ya nyumba moja ya wageni. Shavu lake limegusa sakafu na jicho moja amelifumba. Anachungulia chini ya meza. Wageni wawili wanaokunywa chai karibu naye wanamtazama, kisha wanatazamana.

"Msiwe na wasiwasi," anawaambia bila kuinuka. "Naangalia miguu tu."

Wageni wote wawili wanarudisha miguu yao nyuma.

Huyo ndiye Mama Soli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi viatu wa kawaida, na kwa miaka saba sasa amekuwa akivalisha viatu viti, meza na vitanda vya kuotea jua ili visichubue wala kuacha madoa kwenye baraza za watu. Kazi yake haina jina rasmi. Binti yake alipoulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, aliandika kwamba anashona viatu vya viti. Mwalimu alimpa sifuri akidhani anafanyiwa mzaha.

Leo, hata hivyo, Mama Soli hana mzaha. Viti sita na meza mbili vilivyo kwenye kona isiyo na paa vinakaguliwa baada ya kukaa juani na kunyeshewa kwa miezi minne. Yeye ndiye aliyevivalisha. Mbao zikikutwa safi chini ya kila mguu, atakabidhiwa viti vyote vya nyumba hii. Likionekana doa, Meneja alishamwambia mapema kwamba safari hii hakutakuwa na nafasi nyingine.

Meneja bado hajafika, na bila yeye hakuna anayeruhusiwa kuinua kitu. Ndiyo maana fundi wetu amelala chini.

Kilichomleta katika kazi hii ni kiti cha chuma. Jirani yake, mwalimu mstaafu aliyekuwa ametandika vigae vipya kwenye baraza yake, alikuja kwenye kibanda chake cha ufundi amekibeba kiti hicho kichwani kwa hasira. Miguu ya kiti ilikuwa imechora vigae mistari, na mahali palipotuama maji ya mvua palikuwa pamebaki duara la kutu. Aliuliza kama mtu anayeweka soli kwenye kiatu anaweza kuiweka kwenye kiti. Mama Soli alicheka, akakata vipande vinne vya ngozi, akavigundisha. Wiki iliyofuata mwalimu alirudi na viti vitano.

"Nikajiambia, binadamu ana miguu miwili, kiti kina minne," anasema. "Hesabu ikanivutia."

Kwa wiki huvalisha viti kama thelathini. Malipo ya kiti kimoja yanatosha kununua mikate miwili, na msimu wa mvua, watu wanapoingiza samani ndani, kuna wiki anavalisha vitatu tu. Hata hivyo hajutii kuhama. Anasema viti havilalamiki kwamba kiatu kinabana.

Nyumbani, mumewe, ambaye ni fundi rangi, ana malalamiko yake. Anasema mkewe akikaribishwa mahali popote, kabla hajawasalimia watu anainamia viti. Kwenye harusi ya mpwa wao alitoweka nusu saa, wakamkuta nyuma ya hema amekipindua kiti cha mgeni rasmi. Kisha kuna suala la kandambili. Viatu vya viti hukatwa kutoka kwenye kandambili nyeupe zilizochakaa, na kwa hiyo hakuna kandambili iliyo salama katika nyumba ile.

"Zangu navua nikiwa naziangalia," anasema mumewe, na kwa jinsi anavyozivuta karibu na kiti chake, hatanii.

Ukimwuliza Mama Soli kwa nini nyeupe, anachomoa kisu chake. Anakifuta kwenye aproni, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. Ni kwenye rangi ndipo mambo yalipomwendea mrama, na ni katika nyumba hii hii ya wageni.

Miaka minne iliyopita baraza hii haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya mawe laini yenye rangi ya maziwa, na ilikuwa na viti sitini vya chuma vilivyopiga kelele kila mgeni alipoinuka. Meneja alisikia habari za Mama Soli, akamtetea mbele ya mwenye nyumba, akampa kazi yote kwa mkupuo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Naye akafanya kile ambacho fundi viatu yeyote angekifanya: akachagua tairi. Soli ya tairi haiishi. Alikata vipande vyeusi, akavifunga vizuri, na viti vikanyamaza. Kila mtu akamsifu.

Baada ya miezi mitatu viti viliondolewa ili baraza ipigwe deki kwa ajili ya sherehe. Chini ya kila mguu palikuwa na duara jeusi. Jua na mvua vilikuwa vimeitoa rangi ya tairi, na mawe yakainywa.

"Viti sitini, miguu minne kila kimoja," anasema Mama Soli. "Madoa mia mbili na arobaini."

Alirudi kila Jumatatu kwa wiki kumi na mbili, bila kuitwa na bila malipo, akapiga magoti na kusugua. Alijaribu sabuni, ndimu, mafuta ya taa, mchanga. Madoa hayakutikisika. Mwishowe mwenye nyumba aliamua kujenga sakafu ya mbao juu ya mawe yote, na Meneja akaandikiwa barua ya onyo. Kinachomuuma Mama Soli hadi leo ni kwamba Meneja hakumfokea.

"Angenifokea ningelala usingizi," anasema. "Alininyamazia. Akanipa soda, akanyamaza."

Kuanzia hapo alilivalia njuga suala la madoa. Kila fungu la kandambili analolinunua hulikata vipande vichache, akavipanga juu ya kitambaa cheupe kilicholowa na kukianika kwenye paa la bati la jiko kwa siku saba, akikimwagia maji kila asubuhi. Kitambaa kikipata hata kivuli cha rangi, fungu zima linatupwa. Kila kiatu kina matabaka mawili yaliyogundishwa, na miguu ya mabomba, iliyo wazi ndani, huiachia tundu katikati ili maji yasilale ndani na kuleta kutu. Msumari unazamishwa hadi kichwa kisionekane, maana kichwa kimoja cha msumari kinaweza kuchora baraza nzima kwa jioni moja.

Ana mafundisho mengine pia, na huyatoa hata usipomwuliza. Kiti kinainuliwa, hakiburutwi. Mchanga ufagiliwe kila siku, kwa kuwa chini ya mguu wa kiti unakuwa msasa. Chungu cha maua kisikae moja kwa moja juu ya mbao, kiwekewe vijiti viwili chini ili hewa ipite. Zulia la plastiki likilowa lianikwe, lisiachwe sakafuni likaoza pamoja na mbao. Na samani zihamishwe kidogo kila baada ya majuma machache, la sivyo jua litakausha pembeni na kuacha katikati picha ya meza. Mwandishi wa makala haya, ambaye ameburuta viti maisha yake yote, aliandika haya yote akiwa ameinamisha kichwa.

Ilimchukua Mama Soli karibu miaka minne kupiga moyo konde na kurudi kumwona Meneja. Aliomba kona moja tu, ile mbaya kuliko zote, isiyo na paa. Meneja alikubali kwa sharti kwamba viti visihamishwe mpaka mvua zipite. Tangu siku hiyo, anakiri mumewe, mkewe akisikia radi alikuwa anakaa kitako kitandani.

Saa mbili na dakika tano Meneja anafika, mtu mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Anamsalimia Mama Soli kwa heshima, anauliza hali ya watoto, kisha anasema waanze. Nyuma yake mlangoni amesimama Shangazi na ndoo yake. Shangazi amekuwa msafishaji hapa kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote, na wafanyakazi wote, Meneja akiwemo, humwita hivyo.

Meza ya kwanza inainuliwa. Meneja anavaa miwani, anachuchumaa, anapitisha kidole kwenye mbao. Safi. Meza ya pili safi. Kiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama Soli ameshikilia aproni yake kwa mikono miwili. Kiti cha nne. Cha tano. Wageni wa chai wamesahau chai yao na wamesogea kuangalia, na mmoja wao amebeba kiti chake juujuu kama yai.

Kiti cha sita kinainuliwa. Chini ya mguu wa nyuma, upande wa ukutani, kuna alama nyeusi yenye ukubwa wa ukucha.

Uso wa Mama Soli unamshuka. Meneja anavua miwani na kuanza kuifuta, ingawa haina vumbi. Mama Soli anakipindua kile kiti, anaukagua mguu, anaingiza ncha ya kisu. Tabaka lililoshika mguu ni jeupe, lake mwenyewe. Upande unaokanyaga sakafu, mahali palipopaswa kuwa na tabaka la pili, kumegundishwa kipande chembamba cha tairi.

"Hiki si changu," anasema kwa sauti ya chini.

Meneja anamtazama kama mtu aliyekwisha kusikia visingizio vingi katika kazi yake. Ndipo ndoo inapowekwa chini kule mlangoni, na Shangazi anakuja mbele akijifuta mikono.

Anaeleza kwa kirefu, akianzia mbali. Mwezi uliopita mgeni mmoja alikivuta kiti hicho hadi kwenye ngazi akitafuta mtandao wa simu. Shangazi alipokirudisha aliona tabaka la chini la kiatu limebanduka na kupotea. Aliijua habari ya mara ya kwanza na alijua Mama Soli hana nafasi nyingine. Kwa hiyo alikwenda stoo, akapata kipande cha tairi, akakikata kwa wembe na kukigundisha, wala hakumwambia mtu.

"Nilitaka kukufichia aibu, mwenzangu," anamwambia Mama Soli. "Kumbe nimekuletea."

Mtu angetarajia hasira, na Mama Soli alikuwa na haki nayo. Yeye anakaa chini pale pale kwenye mbao, miguu ameinyoosha, na kumwuliza Shangazi kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba tairi linaacha rangi. Shangazi anatikisa kichwa. Alijua madoa yalitokea. Sababu yake hakuwahi kuelezwa na mtu.

"Basi kosa ni langu," anasema Mama Soli, sasa akimgeukia Meneja. "Mimi nimelijua hilo miaka minne. Nilikuja hapa na kisu na gundi, nikafanya kazi, nikaondoka. Shangazi ndiye anayekaa na hivi viti kila siku, na sikumwambia neno kwa sababu naona haya kulisimulia."

Meneja amenyamaza tena, na kwa muda inaonekana kana kwamba atanyamaza mpaka mwisho kama mara ile. Kisha anaanza kuhesabu kwa kidole, meza, viti, miguu, midomo ikicheza bila sauti.

"Thelathini na mbili," anasema. "Ya kwako yote thelathini na moja haina kitu. Mmoja tu ndio una tairi, na ndio wenye doa. Mama Soli, ushahidi gani mwingine ninaoutaka?"

Anamwambia aanze na baraza yote, viti na meza na vitanda vya jua, wiki ijayo. Machozi yanamtoka Mama Soli na hayafichi. Shangazi anampa kitambaa chake cha vumbi, ndicho alichokuwa nacho mkononi, na wote wawili wanaangua kicheko.

Mama Soli ana ombi moja. Kabla ya kuvalisha kiti hata kimoja, anataka apewe asubuhi moja na wasafishaji wote wa nyumba hii, awafundishe badala ya kuwavalishia tu. Mpango wake ni kwenda hivyo kwenye kila nyumba anayoifanyia kazi, na mwakani akodi chumba karibu na kibanda chake ili wasafishaji wa mtaa mzima waje kujifunza. Meneja anakubali, na kuongeza kwamba seremala atakuja mchana kulipiga randa lile doa kabla mwenye nyumba hajaliona.

"Liacheni mpaka Jumatatu," anasema Mama Soli, akiwa bado amekaa chini, mkono wake umelifunika doa. "Nitawakalisha wenzangu hapa walizunguke. Nitawaambia doa hili limetoka wapi, halafu nitawasimulia la kwangu. Lote."