Tulivyowarudisha shule vijana wa Katwe, na mtihani ulivyotushika kwenye midomo

Wakuu, amani ya Mungu iwe juu yenu nyote, wa msikitini na wa kanisani.

Juzi kijana mmoja aliandika humu kwamba aliyeacha sekondari njiani amekwisha, atafute kibanda auze vocha. Nimeona nisinyamaze. Ninayowasimulia niliyaona kwa macho yangu, na siongezi chumvi. Umri wangu hauniruhusu.

Ni miaka ya sabini, Kampala, chini ya serikali ya wanajeshi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa madrasa Katwe. Babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani wakaoa huku, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili tulikikuta mezani.

Jirani yetu alikuwa binti mmoja, Zaituni. Baba yake, dereva wa lori, alitoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi. Wakati ule hukuuliza mara mbili. Zaituni akaacha shule akiwa Senior Three, yaani kidato cha tatu, akawa anakaanga sumbusa na mama yake. Lakini alitaka uuguzi, na chuo cha uuguzi hakikupokei bila cheti cha Senior Four.

Siku moja akanisimamisha mlangoni.

"Maalim, watoto wakishaondoka mchana, chumba hiki kina kazi?"

"Hakina."

"Basi nipe mimi. Nitafagia."

Akaja na vitabu vyake. Baadaye akaja Kizito, kijana Mkatoliki aliyekuwa akigonga mabati kutengeneza sigiri, yale majiko yetu ya makaa. Shule yao ilikuwa imebaki na walimu wa kuhesabu kwa vidole, naye akakata tamaa. Wakaja na wengine. Chumba kikajaa watu wazima wenye ndevu na vitambaa vya kichwa, wamekaa kwenye mikeka ya watoto.

Wakuu, nawaambia furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa namaliza chakula mbiombio ili niwahi kuwaona.

Kemia mimi siijui mpaka leo. Aliyekumbuka kitu alimfundisha asiyekumbuka. Nilichowapa ni njia yetu ya madrasa: kila mmoja anasoma somo lake kwa sauti, kwa mahadhi, wote kwa wakati mmoja, mpaka likae kifuani. Na pale Katwe huna namna nyingine. Nje nyundo zinagonga bati kutwa nzima. Usipopaza sauti hujisikii mwenyewe.

Mito ya Afrika wakaisoma kama wanasoma juzuu. Kizito aliyapeleka mahadhi yale hadi nyumbani, mama yake akaenda kumuuliza padri kama mwanawe amesilimu. Padri akamuuliza anasoma nini. Akasema, "Anaimba mambo ya chumvi na asidi."

Kuna siku askari mwenye bunduki alisimama dirishani akasikiliza. Sauti zikafa moja moja. Mkusanyiko wa vijana mchana, mjue, haukuwa jambo dogo.

"Hii sura gani, sheikh?"

Ningeweza kumtajia sura yoyote. Ulimi wangu ulikataa. "Si sura, afande. Ni jiografia. Wanataka kurudi shule."

Akawatazama mmoja mmoja. "Mto Aswa iko wapi? Mito yote mnataja, ya kwetu hapana."

Zaituni akajibu kwamba Aswa uko kaskazini na unaingia Nile.

"Haya, weka ndani," akasema, akaenda zake. Tangu siku hiyo Aswa ulisomwa kabla ya mito mingine yote. Tulicheka sana, lakini alipokwisha kupita.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Shule moja upande wa Kyambogo ilikubali wafanyie mtihani pale kama watahiniwa wa nje. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kaskazini, mkali, mnyoofu. Akatoa sharti: kwanza wakae mtihani wa majaribio pamoja na wanafunzi wake. Wakiharibu, asiwaone tena.

Nikawasindikiza, nikangoja kwenye ngazi. Haukupita muda mwalimu mkuu akaniita.

"Sheikh, watu wako wanaambizana majibu."

Nikaingia. Ukumbi kimya kabisa, nyundo hakuna. Na wanangu wale, kila mmoja ameinama kwenye karatasi yake, ananong'ona kwa mahadhi. Zaituni alikuwa anatikisa na kichwa. Hawakuwa wakiambizana chochote. Jibu lilikuwa limefungwa ndani ya sauti, na bila sauti halitoki.

Nikamweleza mwalimu mkuu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nakuamini," akasema. "Msimamizi atakayetoka wizarani hatakuamini. Akisikia sauti moja, anafuta chumba kizima, na wanafunzi wangu wamo. Warudishe nyumbani wajifunze kufunga mdomo. Nitawapima tena mara moja tu."

Tulipofika Katwe, Zaituni akaniambia, "Maalim, nikifunga mdomo kichwa kinakuwa cheupe. Bora nirudi kwenye sumbusa mapema."

Wakati huo adhana ya adhuhuri ikaingia. Tukasali. Nilipotoa salamu nikabaki nimekaa pale pale, nimeona jambo.

Nikamwita. "Zaituni, magharibi imamu anasomaje?"

"Kwa sauti."

"Na adhuhuri tuliyosali sasa hivi?"

"Kimya."

"Wewe umesoma Fatiha au hukusoma?"

"Nimesoma."

"Nani kakusikia?"

Akanitazama, halafu akaanza kutabasamu.

"Mtihani ni adhuhuri, mwanangu. Ulikuwa unausali kama magharibi."

Kizito akalalamika. "Mwalimu, mimi hiyo ya adhuhuri sina. Nisaidie bambi, nakuomba."

Nikamuuliza Kizito jinsi mama yake anavyosali rozari. Akafikiri. "Mdomo inacheza tu. Hakuna sauti."

"Basi wewe fanya jiografia kama mama yako."

Tukaanza upya. Tulichagua saa ya chakula, mafundi wanapoziweka nyundo chini na mtaa unatulia. Mke wangu akawa msimamizi. Anapita nyuma yao na kijiti cha kusukia mkeka, akisikia pumzi tu anakugusa begani, unaanza mwanzo.

"Zaituni, huo mto umevuka ukuta. Mimi nimeusikia nikiwa jikoni."

"Mama, nimesema Niger tu."

"Na Niger yenyewe imefurika."

Mahadhi hatukuyaondoa. Tuliyaingiza ndani tu, polepole, kwa subira, mpaka siku mke wangu alipozunguka chumba kizima bila kumgusa mtu. Akaja kuniambia huku anajifuta macho na kanga.

Mwalimu mkuu akawapima, akawapitisha.

Siku ya mtihani wenyewe nilikaa nje ya ua na tasbihi yangu. Zaituni ndiye aliyenisimulia: msimamizi alifika kwenye meza yake, akasimama. Akainama, akaleta sikio. Swali lilikuwa la kemia na Zaituni alikuwa katikati ya mahadhi. Aliona kiatu cha yule bwana, hakukatisha. Akaendelea kusoma ndani, mkono unaandika. Kiatu kikaondoka.

Matokeo yalipotoka alikuja madrasa wakati watoto wanasoma. Hakuingia. Alingoja mlangoni kwa adabu mpaka nikafunga darasa, wakati uso wake ulikuwa umeshanipa habari yote.

"Maalim, nimepita. Chuo wamenikubali."

Nilisujudu pale pale kwenye vumbi. Kizito alianguka Kiingereza, akarudia mwaka uliofuata, akapita. Na mwalimu mkuu akatuma salamu: kama kuna wengine, niwalete, ila niwalete wakiwa tayari na adhuhuri yao.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kijana aliyeacha shule harudi mikono mitupu. Ana namna yake ya kushika mambo, aliyoipata madrasani, kanisani au kwenye bati. Anzia hapo, kisha mfundishe njia ya mtihani bila kumvunjia ile yake. Na umvumilie. Alhamdulillahi, mimi mwenyewe nilivumiliwa.

Humu ndani najua wamo waliorudi shule wakiwa na watoto, au waliomrudisha mtu. Mlishikwa wapi, na nani aliwafungulia? Andikeni, mzee wenu anasoma yote, ingawa taratibu.