Moto wa Kwa Felicitas

"Sihami, shemeji. Nenda ukawahamishe nyani."

"Nyani wameshahama, Kokuhirwa! Umebaki wewe na mbung'o!"

Ndyamukama alikuwa ametoka Kanoni kwa miguu kuja kumchukua mjane wa kaka yake, na hata kuketi alikataa. Kilima chao cha Bweranyange kilikuwa kinarudi porini. Mbung'o waliua ng'ombe, samadi ikakosekana, migomba ikakonda, watu wakajiendea. Mbung'o wenyewe walinenepa hivi kwamba jogoo akikutana nao njiani aliwapisha.

"Pori gani?" Kokuhirwa alisema. "Hapo penye pori lako jembe langu linatoa mavi ya chuma. Babu zako walimaliza msitu kwa kuchoma makaa ya kuyeyushia chuma. Zikaota nyasi, ng'ombe wakaja wakala, wakanya, mgomba ukashiba. Kilima hiki kimesukwa kwa mikono kama kikapu. Ukikiacha, kinafumuka. Na kaburi la kaka yako atalifyekea nani?"

"Utasuka peke yako?"

"Felicitas yupo."

Kweli alikuwepo, upande wa pili wa kilima, moshi wa pili na wa mwisho kilimani. Kila asubuhi Kokuhirwa alibeba kigae akaenda kwake kuomba makaa, kama afanyavyo mwanamke aliyezimikiwa na moto. Mwanamke huyo huitwa mzembe. Uzembe gani! Kila jioni Kokuhirwa aliyamwagia makaa yake maji kwa mkono wake mwenyewe, yakalia chwii, akalala na baridi yake, ili kukicha awe na sababu ya kumbishia mtu hodi.

"Moto wako una ugonjwa gani, mwenzangu?" Felicitas alimuuliza juzi, wakacheka mpaka jua likafika utosini.

"Na Felicitas akiondoka?" Ndyamukama alikaza.

"Siku hiyo nakunja mkeka wangu nakufuata. Hutanisikia hata nikiguna."

"Umesema mwenyewe."

"Nimesema. Atakwenda wapi, yule? Magoti yake hayafiki hata—"

Kuku alilia uani. Kokuhirwa hakuwa na kuku. Wake walikwisha kuliwa na chui.

Felicitas aliingia bila hodi, mkeka umefungwa kichwani, kuku kwapani, na mkononi kigae kilichojaa makaa mekundu.

"Mwenzangu, nimeona leo nikuletee mimi, nibaki hapa hapa. Moto mmoja unatutosha wawili."

Ndyamukama akasogea, akampisha mlangoni.