Plastiki ya Dirisha la Kulia

Jumamosi barua za watu wawili ziliangukia thelujini, na mmoja wao alikuwa Halvor Brekke, mzee asiyesahau. Jioni ile ile mkuu wa posta akampigia simu Verlene Haugstad.

"Verlene, dada yangu, nakupenda. Lakini zikidondoka tena Jumatatu, njia nampa mtu mwingine."

Njia hiyo ya kupeleka barua vijijini, kaskazini mwa Minnesota, Verlene aliipokea kwa mama yake, pamoja na namna ya kuifanya: unakaa kiti cha kulia, cha abiria, maana magari ya huko usukani uko kushoto, mguu wa kushoto unaunyoosha hadi kwenye pedali, mkono wa kushoto unashika usukani, wa kulia unalisha masanduku ya barua kando ya barabara. Majira ya baridi greda hurundika theluji mbele ya masanduku, hivyo kuyafikia lazima utoe kichwa na bega dirishani. Gari la zamani halikuwa na neno. Hili jipya lilitoka kiwandani na kipande kirefu cha plastiki nyeusi kimebandikwa juu ya kila dirisha, kimetokeza nje kama ukingo wa kofia, eti cha kukinga mvua. Kila akichomoza kichwa, plastiki humgonga paji la uso, miwani ikaenda upande, barua zikamponyoka.

"Kitu cha kiwandani hakiguswi," alisema mumewe Orval, Jumapili, baada ya kanisa. "Utachubua rangi."

"Huko kiwandani hawajui kama nina kichwa."

Akatoka na kisu cha jikoni. Lakini kwa baridi ile plastiki ilikuwa kavu kama biskuti: kona ikakatika, ikabaki ncha kali. Orval akafungua mlango kidogo.

"Hongera, mama! Sasa itakukata na sikio."

Kurudi nyuma hakukuwepo tena. Gundi iliyoishika plastiki ilitaka joto, na waya wa umeme ulikuwa pale pale mbele ya boneti, ule unaopasha injini usiku kucha isigande. Akauchomoa garini, akachomeka hapo mashine yake ya kukaushia nywele, akaipasha plastiki pole pole, toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akafungua sanduku la Orval la vifaa vya kuvulia samaki barafuni, akakata kipande kirefu cha mshipi wa ndoana.

Orval akatoka mbio amevaa ndara.

"Wee! Huo ni wa samaki mkubwa!"

"Basi shika, tumtoe."

Orval akasimama akimtazama anavyoupitisha mshipi nyuma ya plastiki na kuuvuta. Hakuweza kuvumilia.

"Unavuta kama unakokota ng'ombe! Ingia ndani ya gari, shika huku. Mimi nashika huku. Taratibu, kama msumeno."

Wakakata hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, mshipi ukienda na kurudi, mashine ikivuma, hadi plastiki ikaachia na kudondoka. Rangi haikuchubuka. Gundi iliyobaki Verlene aliisugua kwa mafuta ya kupikia.

"Bado madirisha matatu," Orval akasema, sasa amekolea.

"Hayo hayanigongi. Nenda kavae viatu."

Jumatatu Brekke alikuwa amesimama kando ya sanduku lake, mikono kifuani. Verlene akasogeza gari hadi kwenye ukuta wa theluji, akatoa kichwa, akatoa bega, akasukuma barua zote ndani na kukifunga kifuniko. Miwani ilibaki mahali pake.

"Kavu leo," Brekke akasema. "Si mbaya."

Kwa Brekke hiyo ilikuwa sherehe nzima. Verlene akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani kumuaga, akaelekea sanduku lililofuata.