Vyuma viko nje, kuku yumo ndani

Alhamisi, tarehe kumi ya Shaabani. Upepo wa kaskazi umelala tangu alfajiri, hata nguo kwenye kamba hazikutikisika, na joto limeketi ndani ya kuta kama mgeni asiyejua kuaga.

Naona aibu, na nianze na hilo ili nisije nikaonekana nalificha. Ningenyamaza kama ingefaa kitu, lakini habari ilifika Matondoni kabla ya alasiri (najua kwa sababu mteja wangu wa huko alinipigia simu kuuliza kama kofia yake ninayomshonea imeungua), kwa hiyo bora niiandike mwenyewe ilivyokuwa, nisizidishe na nisipunguze, maana barazani tayari wanasema nilichoma nyumba tatu, na nyumba haikuungua hata moja.

Kisa ni bakuli. Wiki iliyopita Bi Maimuna, mama yake Yahya aliyemposa binti yangu Swafia, alituletea halua ndani ya bakuli lake la zamani, lile la udongo mzito uliochomwa ukawa kama jiwe, rangi ya kahawia yenye kijani kidogo mdomoni, ambalo nyumbani kwake hukaa kwenye kidaka cha ukutani na halishushwi ovyo. Liliwahi kuvunjika zamani, enzi ambazo watu hawakutupa bakuli kwa sababu ya ufa, na fundi akalishona kwa vibanio vitatu vya chuma chini ya kitako. Mtu akikuletea chakula katika chombo kama hicho hajakuletea halua tu, amekuambia kuwa nyinyi ni watu wake. Na chombo cha watu, kama kila mtu wa kisiwa chetu cha Amu ajuavyo, hakirudi kitupu. Kikirudi kitupu ni kama umewaambia kwamba basi, hatuna tena la kupeana.

Sasa mke wangu, Bi Twaiba, alisafiri jana ghafla kwenda Kiunga kwa kuwa dada yake alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na Bi Maimuna alikuwa amesema leo baada ya adhuhuri atapita kumtazama Swafia, na akipita atachukua bakuli lake mwenyewe. Kabla hajaondoka mke wangu aliniambia maneno machache, na nayaandika kama alivyoyasema: "Shee, nunua biskuti za nazi dukani, zitie ndani ya bakuli, ufunike. Usijitie mengi."

Nikajitia mengi.

Nilijiambia biskuti za duka ni aibu, mtu kakupa halua ya mkono wake wewe unamrudishia kitu cha kufungwa kwenye karatasi, na hapo hapo nikaikumbuka maikrowevu. Shemeji yangu alituletea kutoka Mombasa mwaka jana, nasi tukaipa heshima yake yote: tukaiweka juu ya meza nzuri, tukaifunika kitambaa cha kufuma, na ndani yake tukawa tunaweka mikate, kwa sababu mlango wake hubana na panya hawaufungui. Kazi nyingine haikuwa nayo. Lakini barazani (hapa nakiri) niliwahi kusema kwamba kwangu mambo ya mkaa na moshi tumeshayaacha, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Basi nikaona leo ndiyo siku ya kuyatia maneno yangu ukweli: nitampika kuku ndani ya bakuli lile lile, ndani ya maikrowevu, litoke limejaa, la zamani na la kisasa kwa pamoja, na Bi Maimuna aende zake akisema amemwoza mwanawe kwa watu.

Nimtendee haki Swafia, alinionya. Alisimama mlangoni anafunga mtandio wake akasema, "Baba, chombo kama hichi mtu hukijaribu kwanza. Weka kikombe cha maji ndani ya mashine pamoja na bakuli tupu, dakika moja tu. Maji yakipata moto na bakuli likabaki baridi, lafaa. Bakuli nalo likipata moto, halifai. Na hili hata kulijaribu tusilijaribu, lina vyuma."

"Vyuma viko nje," nikamwambia. "Kuku yumo ndani. Vitakutana wapi?"

"Baba!"

"Mimi nimekula kwenye mabakuli kabla hujazaliwa."

"Na kuku mwenyewe ana barafu mgongoni. Mwache ayeyuke, halafu mkate vipande, umfunike, na umgeuze katikati, maana mashine hii hupika hapa ikaruka pale."

Nikamwambia aende akatayarishe chumba, mgeni yuaja. Akaenda. Sijui kwa nini mtu ambaye kwa kofia moja hukaa miezi akihesabu matundu ya sindano hawezi kumngojea kuku ayeyuke, lakini ndivyo nilivyo, na nimejiuliza leo jioni nzima bila kupata jibu.

Nilimtia kuku mzima, na barafu yake. Nikamwagia tui, bizari, tangawizi, ndimu, nikampanga viazi ubavuni, akapendeza kweli, kisha nikajifunga leso ya mke wangu nisichafue kanzu. Adhana ya adhuhuri ikatoka, nikajiambia nitaswali nyumbani, kuku asiachwe peke yake. (Hilo nalo nalihesabu katika makosa yangu.) Nikabonyeza namba kubwa kuliko zote nilizoziona, nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya kioo nikitazama bakuli la watu likizunguka polepole kama bibi harusi.

Likazunguka kwanza kwa adabu. Halafu chini yake pakatoka cheche moja, ya buluu. Nikasema ni mwanga wa dirisha. Zikatoka mbili, zikatoka nyingi, tat-tat-tat, kama fataki za sikukuu zimefungiwa kabatini, na harufu ikaja si ya bizari. Mtu mwenye akili angezima swichi ukutani, iko karibu na mkono wangu wa kulia, nimeipima baadaye. Mimi nilikimbilia nje. Nilitoka na leso kiunoni nikipiga kelele "Moto! Moto!" katika kichochoro chetu, saa ile ile watu wanatoka msikitini, safu nzima, na leso ile imeandikwa WA KWANGU HAMUMUWEZI.

Watu wa Amu neno moto hawalifanyii mzaha, nyumba zetu zimeegemeana kama watu wanaosinzia. Ndoo zikajaa kwenye birika la kutawadhia la msikiti, zikaja mkono kwa mkono, na wa mbele kabisa ni jirani yangu Bwana Kombo, mtu mkarimu, mwenye sauti.

"U wapi moto? Shee, u wapi?"

"Ndani! Jikoni! Kuku!"

"Kuku kafanyani?"

Tukaingia sote. Jikoni tukamkuta Swafia amesimama, swichi kashaizima, mlango wa mashine hajaufungua, na cheche hakuna tena. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na moshi mdogo, mwembamba, ambao mtu angeweza kuufukuza kwa upepeo.

"Msimwage maji!" Swafia akasema. "Umeme!"

Lakini Bwana Kombo alikuwa ameshainua ndoo, na mtu aliyeinua ndoo mbele za watu hawezi kuishusha bure, basi akaugeuza mkono akanimwagia mimi.

"Angalau mmoya amezimwa," akasema, na watu kumi wakacheka ndani ya jiko la watu wawili. "Shee, ndilo jiko lako lisilo moshi hili?"

Ningekuwa na busara mambo yangeishia hapo. Lakini nilisikia sauti ya kike mlangoni, "Hodi, hodi jamani, kuna mauti?" na watu wakapisha, na Bi Maimuna akaingia na buibui lake, akanitazama mimi niliyelowa, akaitazama leso, akaisoma yote kwa utulivu, kisha akatazama mezani, ambapo mimi kwa haraka ya kuokoa heshima nilikuwa nimeshalitoa bakuli kwa taulo na kuliweka pale.

"Karibu, Bi Maimuna," nikasema. "Bakuli lako hili. Halirudi tupu."

Kuku alikuwa mweupe kama mgonjwa. Ubavu mmoja ngozi imefura na kuchemka, mwingine umetulia kama bado yuko sokoni. Bi Maimuna akaomba kisu, akakata pajani, akafunua karibu na mfupa. Damu nyekundu ikateremka ndani ya tui langu, na nyuma yake kipande cha barafu.

"Bwana Shee," akasema, "kuku huyu asikia bado. Ukimwita atakuya."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya ndoo. Na hapo ndipo nilipofanya la mwisho. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba kuku wa maikrowevu huliwa hivyo, laini laini. Nilikuwa tayari, Mungu anisamehe, kumpakulia mkwe wa binti yangu kuku mbichi mbele ya mashahidi kuliko kusema nimekosea. Akanijibu bila kupandisha sauti: "Laini ni yaliyoiva, Bwana. Haya ni maradhi. Tumbo la mwanangu na la mwanao silichezei kwa kuwa wewe waona haya."

Nikaona haya zaidi. Nikataka kulitoa bakuli machoni pake, nikalinyanyua (bado lawaka kitako) nikaliweka ndani ya sinki, ambalo Bwana Kombo alikuwa amelijaza maji ya ndoo ya pili. Likalia tk. Sauti ndogo tu. Ufa ukapanda kutoka kwenye vibanio mpaka mdomoni, na tui likaanza kutoka polepole, kama linaomba ruhusa.

Hakuna aliyecheka. Hata Bwana Kombo alitazama chini.

Nimejaribu kugawa makosa haya kama mirathi, kila mtu apate fungu lake. Mashine haina kosa, ilifanya ilivyoamriwa. Bwana Kombo ana kidogo kwa yale maji. Fundi wa zamani hana, alishonea watu wa zamani, wasio na mashine. Yaliyobaki, na ni mengi, ni yangu, na Swafia ndiye atakayeyalipa, maana nilimwona akilitazama bakuli, wala hakuniangalia mimi.

Bi Maimuna alimtoa kuku akamweka juu ya sinia. "Mkate vipande, mtie nyunguni, mshindilie moto mpaka maji ya mfupani yatoke meupe," akamwambia Swafia, na viazi na tui vyote vilivyoguswa na ile damu akasema vichemke pamoja naye. Kisha akaliosha bakuli, akalikausha kwa ncha ya mtandio wake, akalikumbatia, akaondoka. Tupu.

Nilikaa kwenye kigoda kile kile mpaka alasiri. Swafia alipika, akaosha ubao wa kukatia na kisu na sinki kwa maji ya moto. Mke wangu akapiga simu kutoka Kiunga. Dada yake amejifungua salama, mtoto wa kike, alhamdulillahi.

"Na kuku hajambo?" akauliza.

"Umeshasikia?"

"Mkunga alisikia kabla yangu. Shee, ni kweli bakuli la Bi Maimuna limerudi tupu?"

Nikasema ni kweli. Akasema kadi ya simu isimalizike kwa kuku, akakata.

Baada ya magharibi pakabishwa hodi. Ni Yahya, na mikononi ana bakuli lile lile, limefungwa kamba ya mnazi kiunoni kama mtu mwenye mgongo mbovu, limejaa mahamri, yana moto bado. Nikamwambia mwanangu, mimi sina uso. Akasema mama yake amemtuma maneno, na ameyashika kwa moyo: kwamba bakuli halikurudi tupu. Bi Maimuna alitoka kwetu amebana midomo kwa heshima, akafika kona ya msikiti ikamshinda, akacheka mpaka nyumbani, akawachekesha na wa nyumbani aliposimulia, na kicheko kile kitawatosha mpaka Ramadhani. Mchuzi halitashika tena, asema, lakini vikavu litashika, na siku ya harusi litakuja kwa Swafia na vibanio sita badala ya vitatu.

Swafia akalipokea. Akanitazama, mara ya kwanza tangu adhuhuri, akasema, "Baba, biskuti za nazi," na mimi nikamwambia nimeapa, za duka, za karatasi, wala sitazifungua.

Mikate imerudi ndani ya maikrowevu. Jioni tulikula mahamri ya Bi Maimuna, na kuku wa nyunguni, ambaye Swafia alimchemsha mpaka nikamwita mara mbili, taratibu, na hakuja.