Watu wa Uru Waliolala Chini ya Sakafu

Mwaka ule miguu ilikuwa imenichoka. Mimi, Hippolyte, katekista, nilipewa kazi ya kuhubiri watu wahame. Serikali ilitaka vijiji vya upande wetu wa Kabambare vijengwe kando ya barabara mpya, na Padri akaniambia nitumie habari ya Abrahamu aliyeuacha mji wake wa Uru Mungu alipomwita. Nikahubiri mara saba, vijiji vitatu, hadi sauti ikanikauka.

Wote wakafunga mizigo isipokuwa Léocadie. Mutoto wake Cécilia, miaka minne, alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, hata mwaka haujaisha, na mama akasema hamwachi peke yake porini. Sikumlaumu. Lakini agizo lilikuwa kwamba nyumba zitakazobaki zitachomwa moto.

Basi nikajitia ujuzi. Padri alikuwa na gazeti lenye picha za Uru, Wazungu wakiufukua mji mzima kutoka mchangani. Nikamweleza Léocadie kwamba zile zilikuwa nyumba za udongo kama zetu, na chini ya sakafu walikuta wenyeji wamezika watu wao, wakaendelea kupika na kulala juu yao. Nilitaka aone kwamba hata mji wa namna ile, mto ulipohama, watu waliuacha. Lo, mdomo wangu huu!

Habari ya mto haikumwingia. Aliniuliza polepole kama hao walikuwa jamaa za Abrahamu. Nikajibu walikuwa watu wa mji wake. Hata ndugu yake Harani alifia kule. Akaendelea kutwanga muhogo.

Siku ya tatu akahama bila ubishi. Padri akanisifu, nami nikapumua kidogo.

Juma lililofuata nikaenda kusali katika nyumba yake mpya. Sakafu yote ilikuwa imekauka, ila kando ya kitanda kulikuwa na kipande cha udongo mbichi, urefu wa mutoto wa miaka minne. Kuzika ndani ya nyumba serikali ilikataza, na wa kuipelekea habari za wakosaji nilikuwa mimi. Hasira ikanipanda. Nikamkazia macho, naye hakuyakwepa.

“Mwalimu, ni wewe ulinifundisha,” akasema. “Sasa mutoto iko nyumbani.”

Nilikuwa nimechoka, nawaambia kweli, nimechoka kuhamisha watu. Nikaiacha sala ya kubariki nyumba, nikafungua kitabu penye sala ya wafu.