Shamba Lililoingia Mtoni

Mwanangu, kuna habari moja naikumbuka hata ninapojitahidi kuisahau, na kwa kuwa umepata kazi ya kuandikisha mashamba, heri uisikie kwangu kabla ya kuisikia kwa wanaonicheka.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya licence, yaani shahada, ambayo mama aliifunika kwa nailoni isilowe. Ofisi moja ya kununua kakao hapa mjini Makiso ilinipa kifaa kidogo kinachosoma mahali ulipo, ikanituma vijijini, Bengamisa. Mnunuzi wa ng'ambo alitaka kujua kila gunia linatoka shamba gani, na kwamba shamba hilo halikufyekwa juzijuzi ndani ya msitu. Mashamba yalikuwa thelathini na moja. Niliwasomea wakulima kanuni hiyo kwa sauti nzito ya msomi; kilichobaki kilikuwa kuyazunguka mashamba yote kwa miguu.

Nilizunguka mawili. Viatu vyangu vilikuwa vipya. Yaliyosalia niliyazunguka nikiwa nimekaa kwenye nganda, kilabu cha bia kando ya barabara, chupa mezani na sahani ya pondu, yaani kisamvu, mbele yangu, nikibadilisha tarakimu za mwisho za namba za kifaa kidogo kidogo ili zisifanane. Nakiri nilijiona mwerevu. Ofisini nilisifiwa kwa kumaliza haraka.

Wiki iliyofuata mkuu wangu, mzee mpole tuliyemwita Tonton, yaani mjomba, aliziweka zile namba kwenye ramani. Akaniita, akaweka kidole juu ya mto Lindi, palipoandikwa shamba la mzee mmoja aitwaye Amisi.

"Bon, monsieur licencié. Hii kakao nani iko nalima? Samaki?"

Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba karatasi ile ikimfikia mnunuzi, watakaoitwa waongo si mimi, ni kijiji kizima, na hakuna atakayenunua kwao tena. Akanirudisha Bengamisa kwa Mama Zaina, mkuu wa chama cha wakulima, nikamweleze mwenyewe.

Mama Zaina alinisikiliza hadi mwisho. Akatazama viatu vyangu, akaingia ndani, akatoka na panga na buti za mpira za marehemu mumewe.

"Vaa," akasema. "Twende."

Tulitembea siku tatu. Mwanangu, nimepita katika maktaba kadhaa, lakini sijaona maktaba kama kichwa cha yule mama. Hakuwa na karatasi. Alisimama kwenye kisiki akataja aliyekikata. Alishika mti akasema nani aliupanda, na mwaka huo mvua ilichelewa.

"Apa ni mupaka ya Amisi. Kule ni ya bibi yake ya zamani. Batu baliachana, miti ikabakia pamoja."

Kifaa kililia, nami nikaandika, nikiona haya kwamba mimi nilihitaji setilaiti kujua alichokijua yeye kwa nyayo.

Siku ya tatu tulifika shamba la mwisho, lake mwenyewe. Nyuma ya kakao za zamani mwanga ulizidi ghafla. Miche michanga ilisimama kati ya magogo meusi ya moto, na nyuma yake msitu ulipanda juu kama ukuta. Hata mimi nilielewa. Kwa kanuni niliyoisoma kwa sauti yangu nzito, shamba lenye kipande kama kile lingekataliwa lote, miti mipya na ya zamani.

"Mama," nikasema, "tunaweza kupita huku, kwenye miti ya zamani tu."

Alifuta panga kwa jani, polepole.

"We ulipita kando, mutoto yangu, shamba ya Amisi ikaingia mu mayi. Yangu itaingia wapi? Nilikata mwaka jana, nilitamani shamba kubwa. Andika."

Niliandika.

Siku ya kupakia, kakao ya mashamba thelathini iliingia kwenye lori. Yake ilibaki barazani, baadaye akaiuza kwa wachuuzi kwa bei ya kusikitisha. Lakini alikuwapo tangu asubuhi, akishona midomo ya magunia ya wenzake.

"Mama Zaina, leo uko fundi wa kushona?" Amisi alimtania.

"Nashona muzuri," akajibu bila kuinua kichwa, "jina yenu isimwangike mu njia."

Kipande kile alikiacha. Juzi nilipita huko, nikashindwa kuona kilipoanzia. Msitu umekichukua tena. Nilisimama pale kwa muda, kofia mkononi, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

Basi nakuusia hivi, mwanangu. Usiandike shamba ambalo miguu yako haijalikanyaga. Ukiulizwa mzigo umetoka wapi, anza na sehemu inayokuuma kuitaja, maana iliyobaki kila mtu ataisema kwa furaha. Na jina unaloandika si lako. Wenyewe wanalala nalo na kuamka nalo.

Mungu akupe buti zisizovuja, na wenyeji wanaojua mipaka yao. Na siku utakapofika kwenye kipande ulichokifyeka wewe mwenyewe, watu wanakutazama na kalamu ikingoja, akupe pumzi ya kusema neno moja tu: andika.